Mtaa

Mlutheri wa Dar es Salaam akikuuliza, “Unasali mtaa gani?”, usimtajie barabara. Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), mtaa ni kanisa changa lililo chini ya usharika, mara nyingi likilelewa na mwinjilisti. Likikomaa, nalo hupandishwa kuwa usharika. Madhehebu mengine husema “kupanda kanisa”, kama mhogo. Mimi naupenda “mtaa” zaidi: una turubai, viti vya kukodi, na jirani Mwislamu anayetuazima benchi. Hapo uinjilisti huanza na “hodi” na “poleni na msiba”, kipaza sauti baadaye (ikibidi). Na jirani huyo Injili anaijua kwa jina lilelile, maana neno lilitufikia kupitia Kiarabu. Neno “kanisa” vilevile.