Maikrokontrola ipi yafaa kwa meza ya taa iliyoundwa nyumbani?

SOKO la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, linafahamika kwa nyama kuliko kwa nyaya. Hata hivyo, kijana wa Kaloleni, Makongeni au Shauri Moyo anayetaka kujiundia meza ya kuongozea taa za jukwaa hana haja ya kwenda mbali nalo. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, walio mwendo mfupi kutoka hapo, wanaweza kumkatia na kumkunjia bati la kasha. Vifaa vya elektroniki hupatikana Barabara ya Luthuli, katikati ya jiji. Linalomtatiza ni uteuzi wa maikrokontrola, ile chipu iliyo kompyuta ndogo ya kazi moja, kwa sababu akikosea hapo atalazimika kununua mara ya pili.

Kazi ya chipu hiyo si ngumu kuielewa. Husoma vitelezi, yaani vishikio vya kupandisha na kushusha ambavyo mafundi wengi huviita fada, ikageuza mkao wa kila kimoja kuwa nambari, kisha ikaituma nambari hiyo mbele. Wengi huanza kwa kuuliza kasi ya chipu, ilhali swali la kwanza lapaswa kuwa: nambari hizo zinakwenda wapi? Zinaweza kwenda moja kwa moja kwenye taa, au kwenye kompyuta yenye programu ya kuongoza taa.

Taa za jukwaa huzungumza lugha iitwayo DMX512, iliyobuniwa mwaka 1986 na chama cha mafundi wa maonyesho cha Marekani, USITT. Waya mmoja hubeba hadi chaneli 512, kila moja ikiwa na kiwango cha 0 hadi 255, kwa mwendo wa biti 250,000 kwa sekunde. Chaneli zote zikitumwa, taa hupata habari mpya takriban mara 44 kila sekunde. Kati ya maikrokontrola na waya huo huwekwa chipu ndogo ya kutafsiri umeme, kama vile MAX485, na mwisho wa waya hufungwa rezista ya ohm 120. Waya wa kipaza sauti hufanana sana na ule wa DMX na watu huutumia, lakini ukiwa mrefu taa huanza kumetameta ovyo.

Kwa meza ya namna hiyo, bodi ya Arduino Uno ndiyo hununuliwa na wengi, nayo ina kasoro mbili. Ina milango sita tu ya kusomea vitelezi, na ina mlango mmoja tu wa mawasiliano ya mfululizo, ambao ndio huo huo unaotumiwa kupakia programu kutoka kwa kompyuta. Upungufu wa kwanza huondolewa na chipu ya CD4051, inayouwezesha mlango mmoja kusoma vitelezi vinane kwa zamu. Wa pili hausahihishwi kwa urahisi. Arduino Mega 2560, yenye milango 16 ya vitelezi na minne ya mawasiliano, ni kubwa na haina mvuto, lakini kwa fundi anayeanza ndiyo yenye busara zaidi.

Mambo hubadilika iwapo meza itaunganishwa na kompyuta. Hapo meza hujitambulisha kwa waya wa USB kana kwamba ni kinanda cha MIDI. Uno haiwezi kufanya hivyo bila ujanja, kwa kuwa kazi yake ya USB hufanywa na chipu nyingine. Bodi ndogo zenye ATmega32U4, kama Leonardo na Pro Micro, huiweza bila taabu. Ila ujumbe wa kawaida wa MIDI una ngazi 128 tu, na taa inapozimwa polepole, jicho huona miruko karibu na giza.

Raspberry Pi Pico, iliyotolewa Januari 2021 kwa bei ya dola 4 za Marekani, huweza kazi zote mbili. Tatizo ni kwamba ina milango mitatu tu ya vitelezi, tena hufanya kazi kwa volti 3.3. Volti 5 zikiingia kwenye mguu wake zaweza kuiua, hivyo MAX3485 humfaa mnunuzi kuliko MAX485. ESP32 nayo huvutia kwa kuwa ina Wi-Fi. Lakini Wi-Fi ikiwashwa, baadhi ya milango yake ya vitelezi haisomeki, na ukumbi uliojaa simu si mahali pa kutegemea mawimbi.

Umeme wa Nairobi hupotea bila taarifa. Chipu ikiwaka upya, taa zitafanya nini? Ukumbi uliojaa watu ukibaki gizani, watu waweza kuumia. Uno na Mega zina kumbukumbu isiyofutika umeme ukipotea, lakini mtengenezaji huidhamini kwa maandishi 100,000 tu mahali pamoja. Fundi anayeandika humo kila habari inapotumwa, mara 44 kwa sekunde, atamaliza dhamana hiyo chini ya dakika 40. Iandikwe tu mandhari inapohifadhiwa kwa kitufe, na taa za ukumbi zenyewe zisipitie kwenye meza hata kidogo.

Vivyo hivyo, volti 240 za ukutani zisiingie ndani ya kasha la bati. Meza hutoa amri tu. Nguvu za taa hushughulikiwa na vifaa vya kupunguza mwanga vilivyonunuliwa tayari, na meza hulishwa kwa chaja ya volti 5 iliyo nje.

Kabla ya bati kukatwa Kamukunji, mpango wote ujaribiwe mezani kwa vitelezi viwili na taa moja, kwa waya wenye urefu ule utakaotumika ukumbini.