Umaskini Ulivyopimwa Nakuru na Bonde la Ufa



Kila mwaka kamati hupokea maombi ya msaada, na kila mwaka swali huwa lile lile: ni nani maskini? Yafaa tujue jinsi lilivyojibiwa hapa petu tangu zamani, kwa maana wapimaji walikuwa wengi na mizani zao hazikuwa sawa.

Kwa wenyewe kipimo kilikuwa mifugo. Skwota aliyehamia mashamba ya walowezi alikuja na mbuzi na ng'ombe wake, akapewa mahali pa kulima, na mshahara ukawa nyongeza tu. Sheria ya 1918 ilimtaka afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kisha likaja lile lililoitwa kifagio: katika miaka ya 1920 mifugo ya maskwota ilifagiliwa mashambani, na sheria ya 1937 ikawapa walowezi, kwa mabaraza yao, uwezo wa kupunguza wanyama na kuongeza siku za kazi. Mtu aliyesoma daftari la mishahara peke yake asingeiona hasara hiyo. Nyumbani maziwa yalikwisha, na mahari ya vijana pia.

Mjini walihesabu shilingi. Kima cha chini cha mshahara kilifanywa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja: chakula chake, nguo zake, kuni zake, kodi ya chumba chake. Mke na watoto walidhaniwa kulishwa na shamba la kwao, ingawa maskwota wengi hawakuwa na shamba kokote. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilikuta kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kazi za watu binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali, hawakupata ya kutosha mahitaji ya lazima. Ikashauri mshahara wa familia, mara mbili na nusu ya ule wa kapera, ufikiwe kwa miaka 10. Lakini hesabu ile ya nusu na robo ilikuwa ya mijini. Kibarua wa pareto kule Molo, mwenye fedha kidogo na posho, hakuwemo.

Baada ya Uhuru, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1972 ulieleza kwamba maskini wengi hawakukosa kazi. Walifanya kazi kutwa, na mapato hayakutosha. Hata hivyo uchunguzi wa vijijini wa 1974-75 uliwahesabu wakulima wadogo, ukayaacha mashamba makubwa na nchi za wafugaji. Kwa Bonde la Ufa, huko ni kuacha watu wengi mno.

Siku hizi hupimwa matumizi ya nyumba nzima. Uchunguzi wa 2015/16 uliweka mpaka wa umaskini kuwa shilingi 3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima wa mashambani, na 5,995 kwa wa mjini. Watu 36 katika kila 100 nchini Kenya walikuwa chini yake. Mtoto wa chini ya miaka 5 huhesabiwa karibu robo ya mtu mzima, jambo ambalo akina mama wetu watalipokea kwa kicheko.

Fomu yetu ya maombi ingali na mstari mmoja tu: mshahara. Mbele ya mkutano mkuu limewekwa pendekezo la kuongeza shamba, mifugo, madeni, na idadi ya wanaokula chungu kimoja.