Duara kuu na saa za ndege

Weka rula juu ya ramani ya dunia ya ukutani, ile ya mstatili tuliyoizoea darasani, uunganishe Nairobi na New York. Kwenye ramani ya Mercator mstari wako utapita Nigeria, Burkina Faso na Mali, kisha utaingia baharini pwani ya Mauritania. Njia fupi haiko huko. Inatoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi, inavuka Sudan Kusini, inagusa pembe ya Darfur nchini Sudan, inakatiza Chad, Niger na jangwa la Algeria, na kuliacha bara la Afrika juu ya Moroko. Ina urefu wa kilomita 11,840 hivi, pungufu ya ile ya rula kwa takriban kilomita 350.

Njia hiyo wataalamu huiita tao la duara kuu. Ukikata chungwa kwa kisu kikapita katikati kabisa, ukingo wa kila nusu ni duara kuu. Ukikata juu au chini ya hapo, unapata duara dogo. Ikweta ni duara kuu, na kila mstari wa longitudo ni nusu ya duara kuu. Latitudo nyingine zote ni maduara madogo, hata zile ndefu zilizo karibu na Ikweta.

Wapo wanaoandika “duara kubwa”. Mimi nasimama na kuu. Ukubwa hulinganishwa, na duara lolote laweza kuwa kubwa kuliko jingine. Kuu ni cheo, kama katika barabara kuu au makao makuu. Juu ya tufe hakuna duara linaloweza kulizidi hili. “Umbali wa angani” nao unapotosha, kwa sababu kipimo chenyewe huchukuliwa juu ya uso wa dunia, wala si kule juu ndege inakopita. “Masafa” lingefaa sana, ila watu wa redio wamekwisha kulichukua.

Kwa marubani na mabaharia, duara hili ndilo rula. Kati ya Nairobi na New York kuna tao la karibu nyuzi 106 na nusu. Kila nyuzi ina dakika 60, na dakika moja ya tao ni sawa na maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Zidisha: maili 6,390.

Ndege halisi huenda mbali zaidi ya hapo. Kenya Airways ilipoanza safari za moja kwa moja kwenda New York, Oktoba 2018, tao hilo lilikuwa na nchi zilizo wazi. Vita vilipozuka Sudan, Aprili 2023, anga la nchi hiyo lilifungwa. Agosti mwaka huohuo Niger nayo ikafunga lake kwa wiki kadhaa baada ya mapinduzi. Duara kuu halijui mipaka, lakini wapangaji wa safari wanaijua.

Muda nao ni hesabu nyingine. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka mlangoni hadi inaposimama mlango wa pili, pamoja na kusubiri foleni ya kuruka. Kanuni ya haraka ni kugawanya umbali kwa kilomita 900 kwa saa, kisha kuongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Nairobi hadi Mombasa, kilomita 422, inakupa dakika 58, na ratiba husema kama saa moja. London hadi New York, kilomita 5,540, inakupa saa 6 na dakika 39. Hapo kanuni inaaibika: kwenda magharibi hukadiriwa saa 8 hivi, kwa kuwa pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi. Zikiwa mgongoni ni neema. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56.