Ghala la Ghazir: mvinyo uliotengenezwa katikati ya vita

Mizabibu ya familia ya Hochar imepandwa katika Bonde la Bekaa, mashariki mwa Lebanon. Ghala lao liko Ghazir, ng'ambo ya milima, kilomita 25 hivi kaskazini mwa Beirut, kwenye miinuko inayotazama Bahari ya Mediterania. Kila msimu wa mavuno malori yaliyosheheni zabibu huvuka Mlima Lebanon, safari ya saa mbili hivi mambo yakiwa shwari. Mtu wa biashara atashangaa: kwa nini kiwanda hakikujengwa shambani?

Jibu liko katika siasa za wakati ule. Gaston Hochar alianzisha Château Musar mwaka 1930, Lebanon ikiwa bado chini ya Ufaransa. Ufaransa ilikuwa imetangaza Lebanon Kubwa mwaka 1920 na kuiunganisha Bekaa na nchi ya milimani, lakini hakuna aliyekuwa na hakika kwamba mpaka ule ungedumu. Familia husimulia kwamba Gaston alihofia kuamka siku moja na kukuta Bekaa imekuwa Syria. Akaacha mizabibu bondeni na kuweka mapipa Ghazir, katika ngome ya karne ya 18. Uamuzi huo wa tahadhari ndio uliokuja kuitesa familia yake nusu karne baadaye.

Gaston hakuwa wa kwanza. Wasomaji wa Biblia wanaijua Lebanon kwa mierezi yake, lakini nabii Hosea aliutaja pia mvinyo wake. Mwaka 1999 watafiti walipiga picha merikebu mbili za Kifinisia zilizozama mbali na pwani ya Ashkelon katika karne ya nane kabla ya Kristo, mitungi ya mvinyo ikiwa bado imepangwa kwa mamia. Warumi walijenga huko Baalbek, kaskazini mwa Bekaa, hekalu kubwa ambalo hadi leo linaitwa la Bacchus, mungu wao wa mvinyo, na nguzo zake nyingi bado zimesimama. Kisha mwaka 1857, wakati wa utawala wa Waosmani, mapadri Wajesuiti wakaanza kilimo cha kisasa cha mizabibu huko Ksara, wakileta miche kutoka Algeria. Yeyote anayefahamu jinsi wamisionari Wakatoliki walivyopanda zabibu Bihawana, Dodoma, ataona kwamba altare imefungua njia ya mizabibu katika nchi zaidi ya moja.

Aliyeupa mvinyo wa Musar sura yake ni Serge, mwana wa kwanza wa Gaston. Alisomea uhandisi, kisha utengenezaji wa mvinyo Bordeaux, na mwaka 1959 akachukua kazi ya ghalani kwa sharti zito kwa mtoto kumpa babaye: mzee akae kando, amwachie afanye kwa njia yake. Baba akakubali. Mdogo wake Ronald akashika hesabu na uendeshaji. Jina hilo Ronald nalo lina habari yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Gaston alifanya urafiki na Ronald Barton, afisa wa jeshi aliyekuwa Lebanon, ambaye familia yake ilimiliki mashamba mashuhuri ya mizabibu huko Bordeaux. Mtoto akapewa jina la rafiki.

Njia ya Serge ilikuwa kuingilia kidogo iwezekanavyo. Zabibu nyekundu za Cabernet Sauvignon, Carignan na Cinsault huchachuka katika matangi ya saruji kwa hamira ya asili iliyo kwenye maganda yake. Kila aina hukaa peke yake, kisha huingia mapipa ya mwaloni wa Ufaransa kwa mwaka mmoja hivi. Baadaye huchanganywa, hutiwa chupani bila kuchujwa, na kulazwa gizani miaka mingine minne. Tangu kuchumwa hadi kuuzwa hupita miaka saba. Mvinyo mweupe unatokana na Obaideh na Merwah, zabibu za kienyeji za milimani ambazo wengi walizidharau na kuzitumia kwa pombe kali ya araki. Mgeni anayeonja Ghazir hupewa mwekundu kwanza na mweupe mwishoni, kinyume cha desturi ya karibu kila ghala duniani, kwa sababu Serge aliamini mweupe wake ndio mzito zaidi. Wataalamu wengine hulalamika kwamba mvinyo wake una ukali wa siki kidogo na kwamba chupa mbili za mwaka mmoja hazifanani. Mimi nasimama na Serge. Kitu kilicho hai kina haki ya kutofautiana na ndugu yake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza mwaka 1975. Hadi hapo karibu mvinyo wote wa Musar uliuzwa ndani ya Lebanon. Soko hilo likafa. Serge akabeba chupa zake nje, na mwaka 1979, katika maonyesho ya mvinyo ya Bristol, Uingereza, Michael Broadbent wa jumba la mnada la Christie's akaonja na kuusifu hadharani. Kutoka hapo Waingereza wakawa wanunuzi wakubwa wa mvinyo kutoka nchi waliyozoea kuiona kwenye habari za mabomu.

Mavuno ya 1976 hayakutoa mvinyo kabisa. Miaka mingine zabibu zilivuka vizuizi vya makundi yenye silaha, madereva wakihatarisha maisha yao, na wachumaji, wengi wao Mabedui, wakifanya kazi mizinga ikisikika. Mwaka 1984 mstari wa mapigano ulikatiza njia kati ya bonde na ghala. Malori yalizunguka kwa siku kadhaa, na zabibu zikafika zimekwisha kuanza kuchachuka njiani, juani. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi, huko Dodoma, hahitaji kuelezwa hasara hiyo; anajua zabibu iliyochumwa haisubiri. Mwaka huo huo jarida la Decanter la London lilimchagua Serge kuwa wa kwanza kupewa heshima yake ya Mtu wa Mwaka. Na makombora yalipofika karibu na Ghazir, watu wa kijijini walijificha humo humo ghalani, kati ya chupa.

Watu husifu ushujaa, na ulikuwepo. Lakini naona kilichoiokoa familia ni ile miaka saba ya kusubiri. Mwaka ambao hakuna zabibu zilizofika, kulikuwa na mavuno ya miaka iliyotangulia yamelala chini ya ardhi, tayari kuuzwa. Uvumilivu ambao kabla ya vita ungeonekana ni anasa ulikuwa akiba. Kampuni inayouza kila inachovuna ndani ya miezi michache isingepita 1984.

Serge alifariki Mexico tarehe 31 Desemba 2014. Kazi ikaendelea mikononi mwa kizazi cha tatu, na Bekaa haijapata amani ya kudumu: ilipigwa mabomu mwaka 2006, ikapigwa tena mwaka 2024, katika msimu wa mavuno.

Dodoma sasa ina watengenezaji wadogo wa mvinyo, baadhi yao familia zinazovuna mara mbili kwa mwaka, neema ambayo Bekaa haina. Ombi langu kwao ni dogo na halihitaji mkopo wa benki. Andikeni mwaka wa mavuno kwenye kila chupa. Wekeni kando kreti moja ya kila msimu, mahali pa baridi pasipo mwanga, na daftari linaloeleza mvua ilikuwaje, nani alinunua zabibu na kwa bei gani. Hata mwaka ambao zabibu zilioza kwa kukosa mnunuzi uandikwe. Wajukuu watakaowapokea wageni watahitaji kuwaonyesha zaidi ya mashine.