Likasi: vifaa vya kujitengenezea vinavyolinda vidole kwenye msumeno wa meza

Msumeno wa meza kwa maseremala wa Likasi mara nyingi haukutoka kiwandani. Ni motere ya zamani, vyuma vya pembe vilivyochomelewa, na disiki ya milimita 250 inayotokea katikati ya meza. Mji wenye ateliye kubwa za Gécamines pale Panda haukosi watu wa kuchomelea, njo maana meza hizo zinakata vizuri tu. Kinachokosekana ni vile vitu vidogo vya pembeni.

Motere ikizunguka mara 2,850 kwa dakika, meno ya disiki hiyo yanakimbia karibu kilometa 134 kwa saa. Ya mbele yanashuka, ya nyuma yanapanda. Ubao ukijifunga na kubana disiki kwa nyuma, meno yale yanauinua na kuurusha kwa fundi, na mkono unaweza kuvutwa pamoja nao. Mbao mbichi njo mbaya zaidi, iwe mulombwa ao mikaratusi: inajipinda pale pale inapopasuliwa.

Dawa yake ni kisu cha nyuma. Hakikati kitu. Ni kipande cha bati nene kinachosimama nyuma ya disiki, milimita 3 mpaka 8 kutoka kwenye meno, kikizuia ubao usijifunge. Unene wake uzidi ule wa mwili wa disiki lakini usizidi njia ya meno. Kwa disiki ya mwili wa milimita 2 inayokata njia ya milimita 3, bati ya milimita 2.5 inafaa. Kwenye meza ambayo disiki haipandi wala kushuka, kinafungwa kwa buloni kwenye kiunzi, basi. Ni kazi ya nusu siku, na kama kuna muda wa kutengeneza kitu kimoja tu, kiwe hiki.

Fimbo ya kusukumia inatoka kwenye mabaki ya tripleksi: sentimita 40, na pengo kwenye ncha la kushika mwisho wa ubao. Isiwe ya chuma. Itundikwe kwenye mashine yenyewe. Ikiwa mbali, hakuna atakayeifuata.

Kwa kukata mbao kwa upana kuna kisanduku cha kuteleza: sakafu ya tripleksi yenye ubao uliosimama mbele na mwingine nyuma. Meza haina mifereji? Haina neno, reli mbili za mbao ngumu zinashika kingo za nje za meza. Misumari isikaribie njia ya disiki. Ili kuona kama kiko sawa, ubao mpana unakatwa, nusu moja inageuzwa chini-juu, kiisha zile kingo mbili zilizokatwa zinakutanishwa. Mwanga ukipita upande mmoja, pengo hilo ni kosa mara mbili.

Kunabaki mambo ya umeme. Ukikatika katikati ya ubao, fundi azime na kuchomoa prizi kabla ya kugusa chochote, maana swichi ya kawaida ikibaki imewashwa, disiki itaanza yenyewe umeme ukirudi. Kontakta, ile ya kifungo cha kijani na chekundu, inaachia yenyewe na haiwaki tena mpaka ibonyezwe.