Ukienda Bagamoyo, usiishie ufukweni

Samahani kwa ukimya, kazi za gazeti zilinibana. Leo tuzungumze habari ya mapumziko.

Kuna swali ambalo huwa naulizwa kila inapokaribia sikukuu: "Kaka, nikienda Bagamoyo wikiendi nifanye nini?" Wanaouliza wengi ni watu wa Dar. Wameshapata chumba kwenye nyumba ya wageni ya ufukweni, wameshaona picha za minazi na viti vya kulalia, na wanajua kabisa watakula nini. Wasiwasi wao ni huo tu: ukishaogelea, ukala pweza, ukalala mchana, ukaamka, inabaki siku nzima. Unafanya nini?

Jibu langu ni refu kidogo, ndiyo maana naliandika hapa niache kulirudia kwenye simu.

Bagamoyo iko kilomita 70 na ushee kutoka Dar. Unapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, umefika. Kwa sababu ya ukaribu huo imekuwa mji wa semina. Mimi mwenyewe mara nyingi nimefika kule kuripoti semina: watu wanashuka kwenye gari, wanaingia ukumbini, wanatoka kwenda baharini, wanasaini posho, wanarudi Dar. Siku tatu zimepita na mtu hajafika hata soko la samaki.

Hilo neno "posho" litunze vizuri, tutalirudia.

Kwanza: nenda Kaole

Anza na Kaole, kilomita kama tano kusini mwa mji. Chukua bodaboda au bajaji, nenda asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Utakuta magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Mwanaakiolojia Neville Chittick alifukua eneo hili mwaka 1958. Msikiti mkongwe unahesabiwa kuwa wa karne ya 13.

Maana yake nini? Maana yake watu wa pwani hii walikuwa wakijenga kwa mawe, wakiswali, wakizika watu wao kwa heshima na kufanya biashara ya ng'ambo, karne nyingi kabla Mjerumani hajajua kuna mahali panaitwa Mrima. Bahari ilikuwa karibu na mji wakati huo. Leo utakuta mikoko kati yako na maji. Bandari ilipoharibika, shughuli zikahamia taratibu upande wa Bagamoyo ya sasa.

Pili: Misheni na mnara

Upande wa pili wa mji, mwisho wa njia yenye miembe mikubwa, kuna Misheni ya Wakatoliki. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kuna makumbusho, makaburi, na mbuyu ambao inaelezwa ulipandwa na mapadri wenyewe walipofika. Karibu na hapo kuna kanisa la zamani, ambalo watu wote wanaliita Mnara wa Livingstone.

Hapa msomaji simama kidogo, kwa sababu jina lenyewe linaficha habari. Livingstone hakuujenga mnara huu wala hakusali ndani yake. Aliletwa akiwa maiti. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wakautoa moyo wake wakauzika palepale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba. Walitembea miezi kama tisa, zaidi ya kilomita 1,500, hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kutoka hapo mwili ukapelekwa kwa meli, na Aprili mwaka huohuo ukazikwa Westminster Abbey, London.

Nani waliubeba? Watu zaidi ya hamsini, Waafrika watupu. Waliokuwa mbele ni Chuma na Susi, na pamoja nao Jacob Wainwright aliyejua kusoma na kuandika. Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa kwenye msafara wa watumwa akiwa bado kijana. Wainwright ndiye aliyeruhusiwa kusafiri na mwili mpaka Uingereza. Wengine walilipwa ujira wao wakaambiwa waende zao.

Mnara umebeba jina la aliyebebwa. Majina ya waliobeba unayajua mangapi?

Tatu: tembea Mji Mkongwe kwa miguu

Usichukue gari, ni mji mdogo. Anzia Ngome Kongwe, iliyojengwa na Mwarabu tajiri mwaka 1860, baadaye ikawa ya Sultani, kisha ya Wajerumani. Hata baada ya Uhuru iliendelea kutumika kama kituo cha polisi kwa miaka kadhaa. Halafu shuka hadi Boma la Wajerumani, jengo kubwa la mwaka 1897. Angalia milango ya kuchonga, nyumba za Wahindi na mabaraza yao. Nyingine zinapendeza, nyingine zimebaki ukuta mmoja na mti umeota sebuleni.

Mjerumani alikuja vipi? Mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Watu wa pwani hawakuulizwa. Kampuni ikaanza kupandisha bendera na kudai ushuru, na ndani ya miezi michache pwani nzima ikawaka. Kiongozi anayekumbukwa zaidi ni Abushiri bin Salim. Bagamoyo ilishambuliwa Septemba 1888, na mapigano yalipozidi maelfu ya watu walikimbilia Misheni. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann na jeshi la kukodi. Abushiri alikamatwa akanyongwa Pangani, Desemba 1889. Ukitaka kusikia vita hivyo kwa mdomo wa mtu wa pwani, utafute Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy. Usisubiri kusimuliwa na vitabu vya Wissmann.

Karibu na ufuko kuna mnara mdogo unaoonyesha mahali ambapo Wajerumani walikuwa wakinyonga watu waliopinga utawala wao. Nyumba za wageni haziko mbali. Watu wanapita na taulo begani.

Kuna na kichekesho kimoja cha mwezi uleule wa Desemba 1889. Stanley aliwasili Bagamoyo kutoka bara akiwa na Emin Pasha, yule gavana wa Ikweta ambaye Ulaya nzima ilikuwa ikisema ameokolewa. Ikaandaliwa karamu ghorofani. Emin, ambaye macho yake hayakuona mbali, akatoka kwenye uwazi wa ghorofa akaanguka chini hadi barabarani. Akapona, lakini alilazwa muda mrefu. Ameokolewa porini, karamu nusura imuue!

Mwaka 1891 makao makuu ya Wajerumani yakahamia Dar es Salaam. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Hapo Bagamoyo ikapigwa chini. Mzigo uliokuja kwa miguu sasa ulikuja kwa behewa, na ulishuka Dar.

Nne: kaa Karavanserai, ufikirie mabega

Sasa tumefika penyewe. Karavanserai ni ua wenye kuta, na katikati kuna nyumba ya ghorofa. Watalii wengi hutumia dakika kumi hapa. Mimi nakushauri ukae nusu saa, kwa sababu bila wapagazi mji huu usingekuwapo.

Karne ya 19 dunia ilitaka pembe za ndovu: vipini vya visu, funguo za piano, mipira ya biliadi. Ndovu walikuwa bara, meli zilikuwa pwani. Katikati hapakuwa na barabara wala reli, na ng'ombe na punda hawakudumu kwa sababu ya ndorobo. Kilichobaki ni bega la mtu. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kama kilo 30, kutoka Ujiji na Tabora hadi hapa, halafu akarudi na vitambaa, shanga na nyaya. Safari ilihesabiwa kwa miezi. Mbele alitangulia kirangozi. Kitambaa kilichopendwa kilitoka viwanda vya Marekani, ndiyo maana mpaka leo bibi zetu wanakiita "marekani" au "amerikani".

Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, na hapa ndipo wengi wetu tunachanganya mambo. Wengi wao hawakuwa watumwa. Walikuwa wafanyakazi wa ujira. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima kuonyesha hivyo. Walishuka pwani kiangazi kazi za shamba zikipungua, wakapiga kambi, wakapatana malipo. Mwajiri asipotimiza, waligoma, au walibwaga mizigo wakatoroka usiku. Na chakula au malipo ya chakula waliyopewa njiani yaliitwaje? Posho!

Ndiyo, wadau. Neno lile tunalosaini kwenye semina za Bagamoyo ni neno la wapagazi wa njia hiyohiyo. Wao walilitolea jasho la miezi mitatu.

Mmoja wa waliotajirika kwa kuwatafutia wazungu wapagazi ni Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo. Alitoa nyumba yake mjini humo iwe shule ya watoto wa rangi zote, na fedha zake zilijenga hospitali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897. Ukiwahi kumtembelea mgonjwa jengo la Sewahaji pale Muhimbili, ujue jina hilo lina asili Bagamoyo.

Tano: soma Mtoro barazani

Jioni ukirudi nyumba ya wageni, weka simu pembeni usome. Kitabu ninachopendekeza ni Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903. Aliyekiandika kwa sehemu kubwa ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, hapohapo Bagamoyo. Anaeleza kuzaliwa, jando, harusi, ngoma, vyakula, safari za bara, kwa Kiswahili ambacho bado tunakielewa.

Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Akaoa Mjerumani. Mwaka 1905 akapanda meli na mkewe kurudi nyumbani, na wakuu wa koloni wakakataa kuwaruhusu kushuka pamoja. Mwafrika na mke wa Kizungu? Haikuwezekana! Wakarudi Ujerumani. Alifia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeiandika Bagamoyo kuliko wote hakuruhusiwa kuiona tena na mkewe.

Na jina je?

Kila atakayekutembeza atakueleza maana ya Bagamoyo. Wengi husimulia kwamba watumwa wakifika hapa walikata tamaa ya kurudi kwao, wakabwaga mioyo. Wengine wanasema ni wapagazi: wamefika pwani, wanatua mzigo, bwaga moyo, pumzika.

Mimi naegemea kwa wapagazi, na sababu zangu ni mbili. Moja, bandari kubwa ya watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa. Bagamoyo ilisimama zaidi kwa pembe. Pili, lugha yenyewe. Kubwaga ni kazi ya mtu mwenye mzigo begani, na kubwaga moyo ni kutua wasiwasi.

Lakini sisemi watumwa hawakupita. Walipita, na kile kijiji cha Misheni ni ushahidi. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia kama njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, mambo yote mawili kwa pamoja. Njia moja ilipitiwa na aliyefungwa shingo na aliyepatana ujira. Jina moja linaweza kuwa faraja kwa huyu na kilio kwa yule.

Ninachogombana nacho ni habari ya upande mmoja. Tukisema Bagamoyo ni machozi ya watumwa tu, tunawafuta maelfu ya babu zetu waliofanya kazi, wakadai haki yao, wakagoma, wakajenga uchumi wa nchi kwa mabega. Na tukisema ni mahali pa kujipumzisha tu, kama matangazo ya hoteli yanavyopenda, tunawafuta wote wawili. Livingstone ana mnara. Wajerumani wana Boma. Mpagazi wa Kinyamwezi ana ua wa Karavanserai ambao wageni wanaupita kwa dakika kumi.

Basi, mdau, nenda. Ogelea, kula samaki wa kukaanga pale sokoni jua likizama, tazama majahazi. Ukibahatika kufika wakati wa tamasha la chuo cha sanaa, TaSUBa, ngoma utazishiba. Lakini toa saa nne tu za wikiendi yako kwa hayo matano. Kama una watoto, nenda nao, na mkifika kwenye mnara waambie majina mawili kabla hawajasoma kibao: Chuma na Susi.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.