Kasuku kijivu

Kasuku kijivu (Psittacus erithacus) ni ndege wa misitu ya nyanda za chini, kuanzia Côte d'Ivoire, kupitia Kamerun na bonde la Kongo, hadi Uganda na magharibi mwa Kenya. Urefu wake ni sentimita 33 hivi. Manyoya yake ya kijivu yana kingo nyeupe, hivyo huonekana kama ana magamba. Ngozi ya uso ni tupu na nyeupe, mdomo mweusi, na mkia mfupi ni mwekundu mno, pambo zuri ajabu kwa ndege wa rangi tulivu hivyo. Dume na jike hufanana. Jicho la kinda ni la kijivu cheusi, la mkubwa ni la manjano hafifu.

Kwa kuwa huonekana pia kwenye mikoko, mashamba na bustani za Entebbe, wapo wanaodai kwamba hategemei msitu. Dai hilo linachanganya mahali pa kula na mahali pa kuzaa. Chikichi anazozipenda hupatikana hata shambani, lakini mayai yake, kwa kawaida 3 hadi 5, hutagwa ndani ya tundu la mti mkubwa, juu sana, na shina huchukua miaka mingi kufikia unene huo. Tena ndege huyu huishi miaka mingi, kwa hiyo kundi laweza kuendelea kuonekana bustanini muda mrefu baada ya kukosa pa kuzalia. Ni kweli kwamba utegaji umewapunguza vibaya, hasa Ghana, na uamuzi wa mwaka 2016 wa kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa mwituni ulistahili. Lakini haukuzuia miti hiyo mikubwa kukatwa kwa mbao.